Herufi Zenye Miguu

Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilidhani ni wadudu. Zilikuwa kwenye kitabu cha nyimbo cha mama yangu, kitabu kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo hata kikawa kinaanzia katikati ya wimbo. Sikuwa nimejua kusoma. Niliona tu safu za vitu vidogo vyeusi, kila kimoja kimesimama juu ya vijiguu vyake, na nilipokodoa macho muda mrefu ukurasa ulianza kutambaa. Mama alinifunza kusoma kwa kugusa herufi moja moja kwa kijiti cha ufagio. Akiigusa, inatulia. Akinyanyua kijiti, sikuwa na hakika.

Shule niliiacha kabla ya kumaliza msingi. Sikufukuzwa, wala hakukuwa na kisa. Nilichoka tu kukaa kwenye dawati moja nikitazama ukuta uleule, na uchovu wa namna hiyo haujanitoka mpaka leo. Nimeingia mashimo ya dhahabu Macalder, nimepakia tumbaku kwenye malori Migori, nimebeba mizigo mpakani Isebania. Kila nilipofika nilisoma. Nilisoma kuta, magunia, mikebe ya rangi, makaratasi ya kufungia mandazi. Ndivyo nilivyogundua, bila kuambiwa na mwalimu, kwamba herufi ni za koo mbili. Kuna zile zilizokatwa kama kwa panga, mstari ukifika mwisho umefika: hizo ni za simu, za vibanda vya kutuma pesa, za mabango ya wanasiasa. Halafu kuna zile za mama. Hizo, mstari ukifika mwisho haukatiki. Unajitandaza kidogo pembeni, kama mtu aliyebeba gunia anavyopanua nyayo ili asianguke. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Ile a ndogo ina tumbo. Ile g ndogo ina vitanzi viwili, cha chini kinaning'inia kama ndoo.

Ukiuliza hizi zenye miguu zinatumika wapi huku kwetu, mwili unaingia baridi. Biblia. Hati ya shamba. Samansi ya korti. Karatasi ya mtihani. Na zaidi ya yote, ile programu ya mazishi yenye picha ya marehemu juu na nyimbo ndani. Dada mmoja wa saiba, duka la kuchapishia makaratasi pale Migori, aliniambia yeye hata hazichagui. Ukiwasha kompyuta ziko tayari, zinakungoja. Alikuwa akipanga wasifu wa mtu fulani wakati tukiongea.

"Wa harusi wanataka zile za kupindapinda kama maua," alisema. "Wa biashara wanataka nene. Hizi ni za matanga, bro. Matanga na barua za kuomba kazi."

"Kwa nini?"

"Sasa mimi nitajua? Watu wakiziona wanavua kofia."

Nilijifunza kuziandika kwa mkono Homa Bay, kwa fundi mmoja wa misalaba aliyekuwa na karakana kando ya barabara ya kwenda mochari. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi na utani mwingi. Alimimina saruji kwenye fremu za mbao, akasugua mpaka misalaba ikang'aa, na mimi nikaandika majina. Siku ya kwanza niliandika herufi za kukatwa, kama nilivyowahi kuandika matangazo kwenye vibanda vya chipsi. Alitazama, akakohoa, akaniita ndugu kwa Kijaluo: "Wuod minwa, ungependa mama yako aandikwe kama chipsi?"

Akanipa brashi bapa. Ukishuka na brashi ya aina hiyo mstari unatoka mnene, ukienda kando unatoka mwembamba, na ukiinyanyua mwishoni inaacha mkia wa nywele usiopendeza. Kuufunga mkia huo unapindua brashi kidogo, unagusa kushoto, unagusa kulia. Huo ndio mguu. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba wapo wanaosema herufi hizi zilizaliwa hivyohivyo, Roma ya zamani, mtu na brashi mbele ya jiwe, akipaka kwanza ndipo mwingine achonge. Kumbe zilianzia kwenye mawe, na mengi ya mawe hayo yalikuwa ya wafu. Nilimsomea mzee wangu. Akasema, "Sasa unaona? Hao Warumi nao walikuwa na wateja."

Lakini kazi ile ina kitu ambacho mzee hakuniambia, au labda yeye hakikumpata. Jina ukiliandika polepole namna hiyo, mguu kwa mguu, linabaki mkononi. Mchana mmoja nikiwa stendi Homa Bay, mtu aliita kwa sauti jina nililokuwa nimeliandika asubuhi. Niligeuka nione nani ataitika. Aliitika mvulana mdogo, mwenye mandazi mdomoni, akakimbia. Ni wajina tu. Ila tangu siku hiyo nilikuwa nikisikia jina sokoni nageuka, na nikimwangalia aliyeitika naangalia kwanza chini, kwenye miguu yake.

Kwa hiyo niliondoka, kama kawaida yangu. Nilikwenda Mbita, nikiamini ziwani hakuna makaburi.

Kanisa moja kule lilinipa kazi ya ubao wa mlangoni. Niliandika kwa herufi zenye miguu, maana kanisani zinafaa. Nikiwa bado juu ya ngazi, mama mmoja akasimama chini akatazama mpaka nikamaliza mstari. Alikuwa mchuuzi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, pale bichi zinapofikia boti, mama wa makamo, mrefu, leso imefungwa vizuri kichwani.

"Wuoda," alisema, akiniita mwanawe, "hizo ni zile za Biblia?"

"Ndizo, mama."

"Unaweza kuziweka kwenye boti?"

Nilisema naweza. Ningekataa kwa sababu gani?

Boti ilikuwa mpya, samawati, bado inanuka rangi na lami. Alitaka jina la mwanawe lichorwe mbele, pande zote mbili. Alinieleza habari zake bila kulia, tukiwa tumekaa juu ya makreti ya samaki. Kijana wake wa pekee alizama mbele kidogo ya kisiwa cha Rusinga, boti yao ya zamani ilipopinduliwa na dhoruba. Waliokuwemo walikuwa wawili, yeye na rafiki yake. Rafiki aliogelea akatoka. Kijana alitafutwa na kila boti ya bichi ile, kisha na zile za bichi za mbali, na ziwa halikumrudisha.

Kwetu Wajaluo mtu asiyepatikana haachwi hivihivi bila kaburi. Wazee huchuma yago, lile tunda refu zito la mwegea, zito kama mtoto mchanga, hulivisha sanda, hulilaza kwenye jeneza, hulilia, hulizika mahali ambapo mtu mwenyewe angelala. Likishazikwa, mtu amezikwa. Hasubiriwi tena. Wazee wa ukoo walifanya hivyo kwa kijana, na yule mama alikubali kila kitu isipokuwa jambo moja. Msalaba ulisimamishwa, ila alikataa usiandikwe.

"Niliwaambia, mlichozika mnakijua. Andikeni yago." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na sauti. "Jina la mtoto wangu haliwezi kukaa juu ya tunda. Litakwenda majini na boti yake. Huko ndiko aliko."

Niliandika siku hiyohiyo. Jina lilikuwa fupi, limeanza na O kama majina mengi ya wanaume wa kwetu, likaishia na A. O haina mguu. Niliizungusha nene huku na nyembamba kule ikakaa kama tundu. Zilizofuata nilizipa miguu, na A ya mwisho nikaipa miwili, imetanua kama mtu anayengoja kitu. Nyeupe juu ya samawati. Mama alisimama muda wote nyuma yangu. Nilipomaliza aliweka kiganja chini ya jina, bila kuligusa, akanishukuru, "Ero kamano." Nikajua nimefanya kazi nzuri.

Asubuhi iliyofuata wavuvi wake walikuja na nyavu. Walikuwa wanne. Wa kwanza kuona alikuwa kijana wa Sheng, kofia nyuma.

"Yawa! Nani amefanyia boti programu ya matanga?"

Mwingine akainama akasoma. "Imebaki tarehe mbili tu. Alizaliwa, akafa."

"Na picha."

"Na wimbo wa kuingilia! Maze, hata mbuta wakituona watasimama kwa heshima."

Walicheka, na mimi nilikuwa karibu kucheka, kwa sababu ghafla niliona walichoona. Nilirudi nyuma hatua chache. Ilikuwa kweli. Sehemu ile ya mbele ya boti iliyoinuka, nyeusi chini na samawati juu, jina jeupe lililosimama sawasawa juu ya miguu yake: nilikuwa nimetengeneza kaburi la Homa Bay, nikaliweka kwenye boti. Mkono wangu haukujua tena kuandika jina la mtu kwa namna nyingine. Na mama, aliyependa herufi zile kwa sababu ya Biblia, hakuwa amewaza kwamba kuna mahali pengine alipoziona.

Nahodha hakucheka. Alikuwa kijana mwembamba wa umri kama wa yule aliyezama, na niliambiwa baadaye kwamba ndiye rafiki aliyeogelea akatoka. Aliweka wavu chini.

"Futa," aliniambia.

"Mwenye boti ndiye atasema," nilimjibu.

Mama alikuwa amefika. "Hakuna atakayefuta jina la mwanangu."

"Mama, mimi ndiye nakaa hapo mbele." Nahodha alisema kwa heshima, macho chini. "Nikivuta wavu mkono wangu uko hapo. Nikichoka naegemea hapo. Sasa nitakuwa naegemea kaburi lake?"

"Ni jina tu."

"Jina ningelifurahia. Ningelipiga kelele kila tukitoka. Hilo si jina, mama. Hilo limeshazikwa."

"Basi usiende."

"Sitaenda."

Na wenzake, ambao dakika chache zilizopita walikuwa wakifanya mzaha, nao waliokota nyavu zao. Hakuna anayeingia kwenye boti ambayo nahodha wake ameikataa. Zaidi ya hayo, huku boti huhesabiwa kama mtu wa boma. Hupewa jina kama bibi arusi, na ikishuka majini mara ya kwanza na neno baya, neno hilo linakaa nayo.

Boti ikabaki mchangani. Nilipaswa kuwa nimeshaondoka. Sijawahi kukaa mahali kusubiri rangi yangu izeeke. Lakini kila nilipofunga begi nilikuwa nakwenda kwanza kuiangalia mara ya mwisho. Jua lilikuwa kali. Mbao za boti mpya zikikaa nchi kavu hupasuka kwenye maungio, na nilianza kusikia sauti ndogo, tik, tik, kama mtu anayealisha vidole. Watu wa bichi walianza kupita mbali nayo. Akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, waliohamisha nyavu zao za kuanikia hawakusema sababu. Mtoto mmoja aliacha maua ya njano mchangani chini ya jina, kwa kuona tu kwamba ni mahali pa kuacha maua. Mama aliyaokota, akayashika, hakujua ayatupe wapi.

Sasa niliona ninachokisubiri. Wavuvi wale wangepata boti nyingine. Yule wa kofia alikuwa ameshaanza kuulizia. Boti ingeuzwa, mnunuzi angepaka jina lake juu, na kijana yule angekuwa hana jina popote, si majini, si nchi kavu.

Jumapili baada ya kanisa mama aliniita nyumbani kwake nikale. Boma lake liko juu ya kilima kidogo, ziwa linaonekana lote. Aliniandalia ugali na mbuta wa kukaanga, akaketi, hakula. Nilipotoka kunawa niliuona ule msalaba. Kaburi lilikuwa karibu na simba, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujijengea karibu na lango la boma la baba yake. Simba yenyewe mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Msalaba ulikuwa wa saruji, mzuri, umesuguliwa, na katikati hakuna kitu. Nimeandika misalaba mingi, lakini sijawahi kusimama mbele ya mtupu uliokwisha simamishwa. Unakutazama. Nilijikuta natafuta jina kwenye vivuli vya saruji, kama mtu anavyotafuta sura gizani.

Mama alikuja akasimama karibu nami, mikono bado ina maji.

"Wewe unayeandika," alisema, "ile miguu ni ya nini?"

Ningeweza kumweleza habari za brashi na Warumi. Nilimwambia tu, "Ni ili herufi isimame, mama. Bila hiyo jicho linaona kama inateleza."

Alitazama ziwa. Boti za watu wengine zilikuwa zikirudi.

"Ninapomuota," alisema, "hana anapokanyaga. Yuko wima, maji yamefika hapa, lakini chini hakuna kitu. Namwambia kanyaga, kanyaga. Ananiangalia tu." Alifuta mikono kwenye leso. "Kule kwenye maji hawezi kusimama. Nimemwandikia miguu mahali ambapo hakuna chini."

Niliangalia tena msalaba mtupu.

"Itoe kule," alisema. "Jina libaki, miguu itoe. Ilete hapa."

Niliifanya kazi ya boti asubuhi, na nahodha alikuja akanishikia mkebe bila kuombwa. Nilipiga msasa kila mguu mpaka mbao ikaonekana, nikarudisha samawati juu. Kisha nikanenepesha mistari myembamba ili ilingane na minene. O niliiacha. Ilibaki vilevile, nene huku, nyembamba kule, kwa sababu haikuwa na cha kuondolewa, na kwa sababu sikutaka kuigusa. Herufi nyingine sasa zilikuwa kama za duka lolote, zimekatwa, nyepesi. Yule wa kofia alitazama akasema, "Sasa huyo ni yeye. Sasa anaweza hata kukukopa." Nahodha alicheka, kisha akageuka upande wa ziwa akakaa hivyo muda, mkebe bado mkononi.

Walishuka majini alasiri ileile. Mama hakwenda kuwatazama. Alikuwa nyumbani, amekaa chini kando ya msalaba, ananingoja na maji ya kunawa.

Niliandika kwa herufi nyeusi, kwa brashi bapa, kama nilivyofundishwa. Sikuharakisha. Alisoma kila moja kwa sauti ndogo ilipokuwa ikitokea, kama watu wanavyowapokea wageni mlangoni. Nilipofika kwenye A ya mwisho nilishuka mstari wa kwanza nikaufunga, nikashuka wa pili. Ndipo akasema, "Ngoja."

Alinyoosha mkono. Nilimpa brashi. Nilimwonyesha hewani jinsi ya kupindua, gusa kushoto, gusa kulia, naye akajaribu mara moja hewani. Kisha akauweka mguu. Ulitoka mkubwa kupita mwenzake, na ulikwenda chini kidogo, nje ya mstari, kama wa mtu aliyefikia chini ghafla kuliko alivyotarajia.

"Nimeharibu," alisema.

"Hapana, mama."

Alikaa akauangalia mpaka ukakauka. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani yangu na yake.

Nimepita Mbita mara moja tangu wakati huo, nikielekea kwingine. Boti ilikuwa ndiyo inarudi, nahodha yuko mbele, ameegemea jina. Waliivuta mchangani ikiwa bado inachuruzika, na jua la pembeni likaipiga, nami nikaona. Chini ya samawati, kwa makovu ambayo msasa wangu uliyaacha kwenye mbao, miguu yote ilikuwa imejitokeza, moja moja, mahali pake. Nahodha alinifahamu, akafuata macho yangu mpaka kwenye mbao.

"Mbao ikilowa ndipo huja," alisema. Alichota maji kwa kiganja akaosha damu ya samaki iliyokuwa juu ya A. "Ngoja ikauke. Njoo tukupe samaki, fundi, umekonda."